Meli Nzuri Kuliko Zote

Mikumi, 14 Januari 2024

Kwa mama yangu wa ubatizo,

Shikamoo. Ni mimi Happiness, mtoto wa Debora, yule uliyemshika kichwa padri akimmwagia maji. Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu baada ya miaka yote hii. Nimekupigia simu mara nyingi, ila ukiona namba ya mtu wa Mikumi hupokei, na kwenye kundi la ukoo ulijitoa siku ile ile waliyoisambaza sauti yako ukilia, wakaicheka. Kwa hiyo nimemwomba Mudi, kondakta wa basi la Kilosa, akuletee hii mkononi.

Mimi ni mzima. Nahudumu mezani kwenye hoteli moja karibu na geti la hifadhi. Wageni wanaamka na usingizi, wanakwenda kuangalia tembo, wanarudi na vumbi, wanakula, wanaondoka. Ninayebaki na sahani ni mimi. Mwezi wa kumi na moja alifika wakala kutoka Dar anayetafuta wahudumu wa meli za watalii, zile ambazo watu wanalala humo humo wakizungushwa bandari hadi bandari. Nikafanya usaili, nikapita. Sasa amenipa kampuni tatu nichague: Palmira ya Wataliano, Pelican ya Wamarekani na Nordhavn ya Wanorwe. Anataka jibu kabla Februari haijaisha.

Katika wilaya nzima, mtu aliyefanya kazi kwenye zote tatu ni wewe tu. Naomba unilinganishie: chakula chake, hali ya humo ndani, abiria wake, na mtu anatoka na faida gani. Niambie ukweli hata kama ni mchungu.

Mama hajui kwamba nimekuandikia. Yaliyotokea kati yenu nayajua, nilikuwepo, na sitaki kujifanya mgeni. Ila wewe ulinisimamia kanisani. Nisimamie na hapa.

Mwanao wa ubatizo,
Happiness

&nbsp;

Kilosa, 27 Januari 2024

Happiness,

Marahaba. Barua yako imefika, inanuka dizeli lakini inasomeka. Nilikaa nayo kwanza, nikaiweka chini ya mto, nikaitoa, nikairudisha. Mwisho nimeamua kukujibu, tena kwa kirefu, maana swali lako ni zuri na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Watu wa hapa wakisikia nilikuwa melini wanataka kujua tu kama nilitapika.

Naanza na Palmira. Kwa chakula cha abiria, hakuna kama wao. Tambi wanazikanda wenyewe kila asubuhi. Mimi nilizikanda mpaka mabega yakawaka moto. Samaki wao halazwi jikoni hata usiku mmoja. Wali wanaupika nusu, unabaki na kiini kigumu katikati, na abiria wanausifu. Ungeupika hivyo kwenye msiba pale Masanze, wangekufukuza pamoja na sufuria lako. Lakini mfanyakazi anakula mabaki ya tambi za jana, na kesho mabaki ya mabaki. Hali ya humo ni kelele mtindo mmoja. Wanagombana tangu chai ya asubuhi, mchana wamepatana, jioni wanaimba. Mkuu wa jiko alinirushia mwiko, na kabla sijauokota alishanikorogea kahawa ya kuniomba radhi. Abiria wanakuja ukoo mzima, bibi, mashemeji na wajukuu, wakikaa mezani hawaondoki. Bakshishi hawatoi, wanakubusu mashavu. Mkataba ni miezi sita, na ukiisha kila mtu anakimbilia kwao, maana mwili umechoka na cha kumbakiza hakipo.

Pelican ni kubwa kama tarafa. Chakula kimejaa kila kona, na abiria anapakua sahani ya watu wanne, anaonja, anaiacha, anafuata nyingine. Wiki za kwanza nilikuwa namwaga nyama huku nalia. Ladha sasa! Kila kitu sukari, hata maharage wanayatia sukari. Hali ya humo ni furaha ya kulazimishwa. Kuna msimamizi ambaye kazi yake ni kupita kuangalia kama unatabasamu. Abiria wana mkono mwepesi wa bakshishi, hilo nawapa, ila wanakuita kwa kupiga vidole, na kuna bwana mmoja aliniuliza kama kwetu tunajua ngazi. Faida ipo, lakini unailipia kwa moyo wako. Nilitoka pale sitaki kuona mtu akicheka.

Nordhavn ndiyo tofauti. Ni meli ndogo, inakwenda kaskazini kabisa kwenye barafu na milima iliyotumbukia majini. Chakula cha abiria hakina mbwembwe: samaki, viazi, mkate mweusi, supu nzito. Pilipili hawaijui, beba ya kwako. Lakini sikia hili, wafanyakazi wanakula kile kile wanachokula abiria, kutoka sufuria lile lile. Mnalala wawili chumbani, na kidirisha mnacho. Hakuna anayepiga kelele. Mkubwa akikosea anakuja kukuomba msamaha, mpaka wewe ndiye unayeona aibu. Abiria ni wazee wastaafu, wanakula kimya kama watu walio kwenye Kwaresima, na siku ya pili wameshalijua jina lako na wanalitamka vizuri. Mshahara haubabaishi. Mkataba ni miezi tisa, na kabla hujafunga sanduku wameshakuomba uongeze mwingine, na cheo juu. Kuna watu niliwakuta pale, nikawaacha pale, na mpaka leo wapo.

Ukinipa mimi nichague, nenda Nordhavn. Ni meli nzuri kuliko zote. Ukifika usiwe mtu wa kuangalia nyuma.

Na mama yako usimfiche. Mwambie, tena mwambie aliyekushauri ni mimi.

Mama yako wa ubatizo,
Selestina

&nbsp;

Mikumi, 20 Februari 2024

Kwa mtani wangu, mla mabaki ya Wazungu,

Hujambo? Najua hujafa. Ungekufa ningekuwa nimeshafika hapo Kilosa kulikalia jeneza na kudai kuku wangu, maana hiyo ni haki ya ukoo wetu kwenu tangu mababu.

Nasikia umeanza kumpikia binti yangu bahari. Amekuja na barua yako mezani akaisoma kwa sauti, tumecheka mpaka Octavian akaamka. Eti wali wenye kiini! Eti maharage ya sukari! Wewe mtani ungeacha kuuza chai hapo karibu na stesheni, ungekuwa mtangazaji. Lakini Norwe tena? Kule jua lenyewe halijui litakaa wapi. Mpeleke basi kwa Wataliano, wamtwange mwiko, baada ya miezi sita anirudie.

Au mchukue kabisa, awe wako! Mlee hukohuko na samaki wako, mimi nimechoka kumlisha. Anakula kama mchunga ng'ombe.

Alex mzima, kidato cha tatu sasa, mrefu kukuzidi. Baba yake, Octavian, ameshaondoka tena kwenda Kidodi na lori la miwa, mgongo unamsumbua. Na wewe acha kununa. Tangu lini mtu akamnunia mtani wake miaka yote hii? Watu wanakucheka.

Ni mimi mtani wako,
Debora, Mama Alex

&nbsp;

Kilosa, 2 Machi 2024

Debora,

Umeandika: mchukue kabisa, awe wako. Nimekubali.

Usishtuke. Hii ni kawaida yetu, au siyo? Kumbuka siku ya kuniaga ninakwenda Nordhavn. Nyumba imejaa watu, mchele unachambuliwa, nikakutania mbele ya wote: haya mtani, nakuachia mume na mtoto, usiwalishe vibaya. Watu walicheka na mimi nilicheka. Halafu mama yangu akafa mimi niko kwenye barafu. Ukaja msibani kama mtani, ukavaa kanga zake, ukawachekesha waombolezaji, watu wakasema hakuna mtani kama Debora. Msiba ulipokwisha ukaondoka na mume wangu na mtoto wangu kwenda Mikumi.

Niliporudi niliita kikao. Mjomba wangu, ambaye ndiye alitakiwa kusimama upande wangu, alisema hivi: huyo ni mtani wako, ulimpa mwenyewe watu wakisikia, sasa unakasirika nini? Wakacheka. Kikao kikaishia kwenye pombe. Wewe ulichukua kila kitu changu, na mimi nikanyimwa hata ruhusa ya kukasirika.

Octavian sikumdai na simdai. Kaa naye, pamoja na lori lake na mgongo wake. Lakini kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, unalijua hilo, na ulimzuia. Nilimfuata Alex. Pale stendi ya Mikumi nikasikia mtu anaita "Mama Alex!" nikageuka nikicheka, nimefurahi kwamba kuna anayenikumbuka. Alikuwa anakuita wewe. Na Alex alikuwa ameshika sketi yako, akanitazama, akakuuliza, "Mama, huyu nani?"

Miaka yote nimekuwa nikitaka kitu kimoja tu. Nataka na wewe mwanao amwite mwanamke mwingine mama, halafu uje unieleze inavyouma.

Sikumdanganya Happiness hata neno moja. Ningetaka arudi haraka ningempeleka kwenye meli mbaya. Meli mbaya humrudisha mtu kwao. Mimi nilipata nzuri, nikaongeza mkataba, nikaongeza mwingine, nikijiambia mtoto yuko salama nyumbani. Meli hiyo ndiyo niliyompa binti yako.

Ukijisikia kukasirika, kumbuka tu kwamba mimi ni mtani wako.

Selestina

&nbsp;

Bandari ya Tromso, Norwe, 19 Julai 2024

Mama Selestina,

Shikamoo. Barua hii nimempa dada mmoja wa Tanga anayemaliza mkataba, ameniahidi kuiweka kwenye basi Morogoro.

Kila ulichoandika nimekikuta. Supu nzito, nimeikuta. Kidirisha, nimekikuta, ila ungeniambia kwamba jua halizami ningebeba kitambaa cha kuziba. Nalala na kanga usoni. Kuna bibi mmoja mwenye fimbo, kila jioni anasubiri nimhudumie mimi, mwingine akija anamwambia hana njaa. Juzi mkubwa wetu alinipangia zamu vibaya, akaja kuniomba radhi mbele ya watu. Nilicheka peke yangu chooni nikikukumbuka.

Ninayelala naye chumbani ni Mfilipino, alikuwa Pelican kabla ya hapa. Tunakaa kitandani tunalinganisha. Yeye anasema kule alikuwa anapata bakshishi zaidi, lakini kila siku alikuwa anahesabu siku za kuondoka. Hapa hajahesabu. Na mimi sihesabu. Wameshaniuliza kama nitaongeza mkataba mwingine huu ukiisha Februari. Nimesema ndiyo.

Mama kila siku ananitumia ujumbe wa kulia. Siufungui tena, unanivunja nguvu kazini. Wewe peke yako ndiye hujawahi kuniambia nirudi. Kama huna kinyongo, naomba nikuite mama, bila lile la ubatizo.

Mwanao,
Happiness

&nbsp;

Kilosa, 12 Agosti 2024

Debora,

Nimepata barua kutoka Norwe. Ananiita mama, amesaini "mwanao", na ameongeza mkataba. Barua zako za simu hazifungui. Nimeona nikuandikie mwenyewe kabla hujaambiwa na watu.

Inaumaje?

Selestina

&nbsp;

Mikumi, 25 Agosti 2024

Selestina,

Leo sina utani.

Umeuliza inaumaje. Inauma vile ulivyotaka. Nilikaa na kijibarua chako jikoni mpaka maharage yakaungua. Nilidhani una hasira na mimi tu, na hiyo hasira ninaistahili, sibishi. Lakini sikujua unaweza kumfanyia hivi mtoto mchanga ambaye hajakukosea lolote.

Usijifanye hujui. Mikumi nzima inajua. Happiness ana mtoto wa kike, anaitwa Naisula, jina la kwao baba yake. Baba mwenyewe ni Seuri, kijana wa wafugaji aliyekuwa mlinzi pale hotelini, alihama na ng'ombe wa baba yake kwenda Lindi kabla hata mtoto hajazaliwa. Happiness alimwachisha ziwa akiwa na miezi kumi na mmoja ili aiwahi meli yako. Alimfunga mgongoni mwangu mwenyewe, akaondoka hajageuka, kama ulivyomwelekeza.

Wiki ya kwanza mtoto alilia akiwa ameshika mlango. Akisikia basi anatambaa kwenda nje. Baadaye akaacha. Sasa anatembea, anakula ugali, anamjua Alex, anamlaki akitoka shule. Juzi namwogesha, akanishika pua akasema "mama". Nikamwambia mimi bibi. Akacheka akarudia, "mama". Sikumsahihisha tena.

Nakuambia jambo ambalo nisingemwambia padri. Nilifurahi, Selestina. Nimempoteza binti, ninalia kila siku, na mtoto aliponiita hivyo nilifurahi. Ndiyo kazi uliyoifanya. Umenipokonya mmoja, umeniletea mwingine.

Debora

&nbsp;

Kilosa, 3 Septemba 2024

Happiness,

Kwa nini ulinificha mtoto?

Uliniuliza chakula, hali ya ndani, abiria na faida, na mimi nikakujibu kila kimoja. Hukuniambia kitu kimoja ambacho kingegeuza majibu yote. Ungeniambia una mtoto wa kunyonya, ningekuambia Palmira, au ningekuambia baki Mikumi ubebe sahani. Kwa mwenye mtoto, meli bora ni ile anayoichukia.

Usinijibu kwamba unamwona kwenye simu. Na mimi nilikuwa natuma picha, natuma magari ya kuchezea, natuma sauti nikimwimbia Alex. Aliibusu simu, kisha akamgeukia aliye karibu amnyweshe uji wake. Mtoto anampa umama yule anayemshika mkono. Hana hila, na hana subira.

Rudi. Vunja mkataba. Yote niliyokuandikia ni kweli, ila sikuyaandika kwa ajili yako. Niliyaandika kwa ajili ya mama yako, nimuumize, nawe ukawa fimbo yangu. Sasa nakuandikia kwa ajili yako: rudi.

Selestina

&nbsp;

Kirkenes, Norwe, 6 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nimelia, nimekasirika, nimekwenda kupanga meza.

Nilificha kwa sababu wakala aliuliza kama nina mtoto mdogo, nikasema sina. Nikishasema sina kwake, nikaona niseme sina kwa kila mtu. Na nilijua ungenizuia.

Kama ulinitumia kama fimbo, sawa. Hata fimbo imefika mahali pazuri. Mimi sirudi sasa. Hapa ni mara ya kwanza katika maisha yangu watu wananiuliza ninaonaje, halafu wanasubiri nijibu. Nikivunja mkataba wakala hataniandikia tena popote, nitarudi kwenye zile sahani, na Naisula atakua akiniona nabeba mabaki ya watu.

Lakini umesema kweli kuhusu mtoto. Mama atamfanya wake. Nilikuwepo, nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilimsikia akimfundisha Alex kila asubuhi, sema mama upate chapati. Na mimi ndiye niliyekuwa nazichoma hizo chapati.

Kwa hiyo nakuomba kamchukue Naisula. Akae na wewe Kilosa mpaka nirudi. Nimeshampigia mama nikamwambia, na mjomba wetu Optatus nimemweleza kwamba ni neno langu mwenye mtoto. Mama amelia, hakubisha. Wewe hutanifanyia alichokufanyia yeye. Wewe unakijua.

Mwanao,
Happiness

&nbsp;

Kilosa, 11 Novemba 2024

Debora,

Tangu Jumamosi utakuwa unajiuliza nini kilinipata, na najua Mikumi mnajadili. Nakuandikia mara moja, halafu nyamaza na mimi ninyamaze.

Nilikuja kwa furaha, sitakuficha. Ndani ya basi nilikuwa nashangilia moyoni tangu tunavuka kijiji cha Ulaya. Nilijiambia, binti amenipa, mjomba wao amekubali, leo namchukua mjukuu wa Debora mikononi mwake, na atanifungia nguo za mtoto mwenyewe. Nikakukuta umeshazifunga, mfuko uko mlangoni, umeweka na kopo la uji. Umekonda. Hukunitania wala hukunikaribisha, ulinipa kiti ukaenda kusimama nyuma ya nyumba ili usione. Octavian alijifanya anatengeneza tairi. Alex alitoka chumbani, akaniamkia kwa adabu kama anavyomwamkia mgeni yeyote, akarudi ndani. Nilikuwa nimejiandaa miaka yote kwa siku kama hiyo, na kila kitu kilikuwa kama nilivyokitaka.

Halafu yule mtoto akaja. Sikumwita. Alikuja na miguu yake ile isiyojua kutembea vizuri, akanyoosha mikono nimbebe, nikambeba. Akanishika shavu. Akasema "mama".

Ananiona kwa mara ya kwanza, Debora. Nadhani anamwambia hivyo kila anayemnyanyua, anajaribu mtu mmoja mmoja aone yupi atakaa. Mimi nilitakiwa nimwambie, hapana, mimi ni mama wa mama yako, mama yako yuko kazini na atarudi. Maneno nilikuwa nayo. Nilishamhubiria Happiness maneno hayo hayo. Sikuyasema. Nilimkumbatia, na nilifurahi, kama ulivyoandika. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Ndipo nikamweka chini na kutoka. Ule mfuko nadhani niliuruka.

Sasa sikiliza. Happiness nimemwandikia, na safari hii nimemdanganya, kwa mara ya kwanza. Nimemwambia wapishi wenzangu wa zamani wamenipasha habari, kwamba Palmira imebadilika kabisa, wafanyakazi wanakula vizuri, kelele zimekwisha, abiria siku hizi wanatoa bakshishi, na kwamba mwenye uzoefu wa Nordhavn wanampa cheo akifika. Nimeisifia mpaka mimi mwenyewe nikaitamani. Nimemwambia mkataba huu ukiisha Februari ahamie huko badala ya kuongeza. Akiniamini, atakula mabaki ya tambi, atarushiwa mwiko, ataichukia ndani ya wiki, na miezi sita ikiisha atakuwa mlangoni kwako na sanduku. Atanichukia na mimi pia. Wakala wake naye nimemwambia kuna mtoto, ili hata asiponiamini mkataba wake usiongezwe.

Kwa hiyo kaa na Naisula mpaka hapo. Usidhani nimekuhurumia. Nilikuona umekonda na sikukuhurumia. Na usidhani nimekusamehe, wala usimtume mtu kuja kuniuliza.

Ni hivi. Nikimleta hapa, nikamwogesha, nikampa uji, akaniita lile neno kila asubuhi, haitapita muda nitaacha kumsahihisha. Nitakuwa najua kabisa mama yake ni nani na yuko wapi, na bado nitaitika. Hapo nitajua ilikuwaje kwako na Alex. Nitajua kwamba labda hukukaa ukapanga, kwamba mtoto alikushika shavu nawe ukaitika.

Na mimi nikishalijua hilo, nitakuchukia na nini? Alex ulinichukulia, nyumba ulinichukulia, mpaka kanga za mama yangu ulizivaa. Kilichobaki mkononi mwangu ni hii hasira, nimeilea mwenyewe, na sijamwachia mtu. Mlee huyo mtoto wewe. Mimi sitaki kukuelewa.

Selestina